Kabla Hujachoma Sindano ya Kupunguza Uzito: Mwongozo kwa Mwanamke Aliyevuka Miaka 45

Kama umevuka miaka 45 na gauni ulilovaa Idi au Krismasi iliyopita halifungi tena, na chakula ni kilekile, kazi ni zilezile, usijitukane. Katika umri huu hedhi huanza kuruka miezi na hatimaye hukoma. Homoni ya estrojeni inashuka, na mafuta yaliyokuwa yakikaa mapajani na makalioni yanahamia tumboni. Wakati huohuo misuli inapungua kidogo kidogo, na mwili wenye misuli michache unatumia nishati kidogo hata ukiwa umekaa. Ongeza usingizi unaokatishwa na joto la ghafla na jasho la saa nane usiku, ongeza watoto wa kusomesha na wazazi wa kuuguza, na kilo zinaingia bila hodi. Wastani wake ni kama nusu kilo kwa mwaka, na kwa miaka kumi hizo ni kilo tano.

Hapo ndipo habari ya sindano inapokufikia. Kwenye kikoba, saluni, au kundi la WhatsApp la kitchen party, kuna mwenzenu amepungua haraka, na jina la Ozempic linatajwa kwa sauti ya chini. Msimamo wangu nausema mapema: sindano hizi ni dawa kweli, zinafanya kazi, na mwanamke anayezihitaji hana cha kuonea aibu. Ila kwa umri wetu, usianze kwa kuuliza utapunguza kilo ngapi. Uliza kilo zitakazotoka zitakuwa za mafuta au za misuli. Ushauri karibu wote utakaousoma hapa unatokana na swali hilo.

Anza na futi ya fundi cherehani

Kabla ya mizani, chukua futi ya fundi cherehani. Simama wima, toa pumzi kawaida, kisha zungusha futi katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, bila kuivuta ikabana. Kwa mwanamke, kiuno kikizidi sentimita 80 ni wakati wa kujihadhari. Kikizidi 88, hatari ya presha, kisukari na magonjwa ya moyo imepanda sana. Mafuta ya tumboni yanayozunguka ini na utumbo yana madhara zaidi kuliko yale ya mapajani, kwa hiyo namba hii iandike mahali pamoja na tarehe.

Kisha fanya hesabu ya BMI: uzito kwa kilo, ugawanye kwa urefu kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Tuchukue mama wa miaka 49, kilo 82, urefu mita 1.60. Mita 1.60 mara 1.60 ni 2.56, 82 gawanya kwa 2.56 ni 32. Dawa za kupunguza uzito huandikwa kwa mtu mwenye BMI ya 30 na kuendelea, au 27 na kuendelea kama tayari ana presha, kisukari au ugonjwa mwingine unaochochewa na uzito. Mama yetu amefika. Anayetaka kutoa kilo nne ili apendeze kwenye harusi ya mdogo wake hajafika, na simshauri aingie kwenye dawa yenye madhara kwa ajili ya picha.

Nenda hospitali ukapimwe presha, sukari (hasa kile kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu), mafuta kwenye damu, figo, ini na wingi wa damu. Ukiwa na dalili kama uchovu mkubwa, kuhisi baridi wakati wenzako hawahisi au choo kigumu, uliza pia kuhusu tezi ya shingo. Beba dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, zikiwemo ulizozizoea mpaka umesahau kwamba ni dawa. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huongeza uzito kwa baadhi ya wanawake. Hali kadhalika insulini, glibenklamidi ya kisukari, prednisoloni, amitriptilini, na baadhi ya dawa za ARV, dolutegravir ikiwamo. Usiache hata moja kwa uamuzi wako mwenyewe, ARV ndiyo kabisa. Mwambie daktari umeongezeka tangu lini na ulianza dawa gani wakati huo; pengine ipo nyingine ya kubadilisha.

Mambo mawili hayasubiri. Kama umepungua bila kukusudia, usishangilie, nenda ukachunguzwe kisukari, kifua kikuu na saratani. Na kama hedhi ilishakoma kwa miezi 12 kisha ukaona damu, hata tone, mwone daktari wiki hiyohiyo. Habari ya uzito iache ikusubiri nyumbani.

Dawa zenyewe

Semaglutidi ndiyo iliyo ndani ya Ozempic na ndani ya Wegovy. Ozempic iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa ajili ya kisukari cha aina ya pili. Wegovy, yenye dozi kubwa zaidi, iliidhinishwa mwaka 2021 kwa ajili ya uzito. Tirzepatidi, inayouzwa kwa jina la Mounjaro, ilifuata mwaka 2022. Zote mbili huchomwa mara moja kwa wiki, chini ya ngozi ya tumbo, paja au mkono wa juu. Liraglutidi ni ya zamani kidogo na huchomwa kila siku.

Utumbo wako baada ya kula hutoa homoni iitwayo GLP-1, inayoupa ubongo habari kwamba umeshiba. Dawa hizi huiga homoni hiyo na kukaa mwilini muda mrefu. Tumbo linachelewa kumwaga chakula, hamu inapungua, na ile sauti inayokuita kabatini saa nne usiku inanyamaza. Katika utafiti mkubwa wa semaglutidi uliotoka mwaka 2021, watu waliochoma dozi ya miligramu 2.4 walipungua wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito wao katika wiki 68. Waliochomwa sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2.4. Tirzepatidi kwa dozi kubwa ilifika karibu asilimia 21 katika wiki 72. Kwa mama yetu wa kilo 82, asilimia 15 ni kilo 12. Lakini hata kilo 4, yaani asilimia 5, zinatosha kuanza kushusha presha na sukari, kwa hiyo asijione ameshindwa akiishia hapo.

Sasa turudi kwenye lile swali. Kati ya robo na asilimia 40 ya uzito uliopotea katika tafiti hizi haikuwa mafuta. Katika kilo 12 za mama yetu, kilo 3 hadi karibu 5 zinaweza kutoka kwenye misuli na sehemu nyingine zisizo mafuta. Kijana wa miaka 25 atazirudisha. Mwanamke ambaye estrojeni imeshuka, ambaye mifupa yake inapoteza uimara kwa kasi katika miaka hii ya mwanzo ya ukomo wa hedhi, atazirudisha kwa taabu. Ndiyo maana unaweza kuona mtu amepungua kilo nyingi lakini anashika ukuta akipanda ngazi. Sitaki ufike huko.

Wapo wasiotakiwa kuzitumia kabisa: mwenye historia, yake au ya ndugu wa damu, ya saratani ya tezi ya shingo ya aina iitwayo medula, mjamzito, na anayepanga kubeba mimba karibuni. Aliyewahi kuvimba kongosho amwambie daktari kabla ya lolote. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi huenda akahitaji kupunguziwa dozi zake ili sukari isishuke ghafla, na apimwe macho kwanza.

Na hapa wengi hujisahau: miaka 47 na hedhi inayoruka haikukingi na mimba. Mwanamke akipungua, yai linaweza kuanza kupevuka tena kwa mpangilio. Tirzepatidi nayo hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, kwa hiyo anayevitumia aongeze kondomu kwa wiki nne baada ya kuanza na baada ya kila kupandishiwa dozi, au ahamie kitanzi au kijiti. Semaglutidi iachwe miezi miwili kabla ya kutafuta mtoto.

Vidonge vya orlistati vipo pia. Vyenyewe huzuia karibu theluthi moja ya mafuta ya chakula yasifyonzwe, na ukila chipsi siku hiyo mafuta yatatoka na kukuharibia nguo. Matokeo yake ni madogo kuliko ya sindano. Fentamini huongeza mapigo ya moyo; mwenye presha akae nayo mbali.

Wiki za mwanzo

Semaglutidi ya uzito huanza na miligramu 0.25 kwa wiki, na hupandishwa kila baada ya wiki nne mpaka kufikia 2.4. Usiruke ngazi kwa sababu shoga yako yuko kwenye dozi kubwa. Kichefuchefu, kutapika, kuharisha na choo kigumu huja zaidi dozi inapopanda, na kwa walio wengi hutulia. Kula kidogo, polepole, na uache kula mara tu unaposikia umeshiba. Vitumbua, chipsi mayai na pilau lenye mafuta mengi ndivyo vitakavyokutapisha. Kunywa maji kidogo kidogo siku nzima, maana anayetapika na kuharisha bila kunywa anaweza kuumiza figo. Anayefunga Ramadhani azungumze na daktari mapema, kabla mwezi haujaandama, kuhusu dozi na maji ya daku.

Nenda hospitali mara moja ukipata maumivu makali ya juu ya tumbo yanayopenya mpaka mgongoni, kwa sababu huenda ni kongosho. Maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu, homa au macho ya manjano yanaweza kuashiria mawe kwenye nyongo, ambayo huwapata zaidi wanaopungua haraka. Na ukipangiwa upasuaji, mwambie mtu wa nusukaputi kwamba unachoma sindano hii. Tumbo lako linaweza kuwa na chakula hata baada ya kufunga usiku kucha.

Nywele zinaweza kukatika miezi michache baadaye. Kwa kawaida hurudi, ila ukizidi kuchoka, kapime damu.

Samaki kwanza, ugali baadaye

Ukiwa kwenye sindano utashiba baada ya matonge machache. Kama matonge hayo ni ya ugali mtupu, umeshiba wanga na misuli imelala njaa. Kwa hiyo geuza mpangilio: anza na samaki, maharage au mayai, fuata na mboga, ugali au wali umalizie.

Mama wa kilo 82 alenge angalau gramu 80 za protini kwa siku. Hazihitaji unga wa bei mbaya wa kwenye makopo. Mayai mawili asubuhi ni gramu 12. Glasi ya maziwa au mtindi ni 8. Kikombe cha maharage yaliyopikwa ni karibu 15. Kipande cha samaki au kuku cha gramu 100 ni 20 na ushee. Konzi nzuri ya dagaa wakavu inaongeza kama 15, na kwa kuwa dagaa unamla na mifupa yake, anakupa na kalisi. Kinachobaki kitajazwa na nafaka na karanga. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hii kabla ya kumuuliza daktari.

Mafuta ya kupikia yapime kwa kijiko. Kijiko kimoja cha chakula ni karibu kalori 120, na mkono unaomimina kutoka kwenye dumu haujui vijiko. Chai nayo ina lake: vikombe vitatu, vijiko vitatu vidogo vya sukari kila kimoja, tayari ni vijiko tisa, wakati Shirika la Afya Duniani linasema ni bora mtu asizidi kama sita kwa siku kutoka vyanzo vyote. Soda moja ya mililita 300 inaweza kuvimaliza vyote sita na kupitiliza. Punguza kijiko kimoja kila wiki mbili, ulimi utazoea.

Dumu la lita tano

Kutembea ni kuzuri, na lengo ni dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokuruhusu kuongea lakini si kuimba. Ila kutembea peke yake hakutunzi misuli ya kutosha. Siku mbili au tatu kwa wiki, misuli ibebeshwe kitu.

Anza na kiti kigumu cha jikoni, kilichoegemezwa ukutani. Kaa, kunja mikono kifuani, simama bila kujisukuma, kaa tena taratibu. Fanya mara kumi, pumzika, rudia mizunguko mitatu. Kama huwezi mara kumi, fanya nne, wiki ijayo tano. Halafu simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja ukutani, shusha kifua na ujisukume kurudi. Mwisho jaza madumu mawili ya lita tano, moja kila mkono, mabega yamenyooka, tembea ua mzima na kurudi. Hizo ni kilo kumi. Zikianza kuwa nyepesi, ongeza mzunguko, kisha tafuta kizito zaidi. Mzigo uleule kwa mwaka mzima haujengi kitu.

Magoti yakiuma, kitie kiti mto ili usishuke chini sana. Mkojo ukikuponyoka ukikohoa au ukinyanyua, usiache mazoezi kwa aibu: tatizo hilo lina tiba, na mtaalamu wa fiziotherapia au daktari wa wanawake atakufundisha kukaza misuli ya nyonga.

Usingizi nao ni sehemu ya tiba. Anayeamka mara nne kwa jasho ataamka na njaa ya sukari, sindano au pasipo sindano. Uliza daktari wa wanawake kuhusu tiba ya homoni kama joto linakusumbua sana. Haipunguzi uzito, lakini mwanamke aliyelala ana nguvu ya kubeba madumu.

Kununua bila kuibiwa

Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Hizo ni nchi zenye ulinzi mkali. Fikiria kinachoweza kuuzwa Instagram na kuletwa na bodaboda kwenye mfuko wa rambo saa saba mchana. Nunua kwenye famasia yenye mfamasia aliyesajiliwa, kwa cheti cha daktari, udai risiti. Angalia lugha ya boksi, namba ya toleo, tarehe ya mwisho na kama lakiri imeguswa. Ukitilia shaka, Tanzania ripoti TMDA, Kenya ripoti Bodi ya Dawa na Sumu. Unga wa kuchanganya mwenyewe kwenye kichupa usiuguse, na kalamu ya sindano usichangie na mtu hata ukibadilisha sindano ya mbele.

Chai na vidonge vya "asili" vya kukata kitambi ndivyo vinavyonitia hofu zaidi, kwa sababu vinauzwa kama mboga. Bidhaa za aina hii zimekutwa mara nyingi katika nchi mbalimbali zikiwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Kidonge cha majani kinachokufanya moyo ukimbie na usilale si majani.

Kalamu ambayo haijaanza kutumika hukaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8, rafu ya katikati, mbali na sehemu ya barafu. Ikiganda, itupe. Ya Ozempic iliyoanza kutumika inaweza kukaa nje hadi siku 56 kama joto halizidi nyuzi 30, lakini Dar es Salaam na Mombasa mwezi wa Januari joto hilo linapitwa mchana kweupe, kwa hiyo irudishe kwenye friji. Ukisafiri, ibebe kwenye kikasha cha baridi, imefungwa kitambaa isigusane na barafu.

Hesabu ya mwaka, na siku ya kuacha

Kabla ya sindano ya kwanza, uliza bei ya dozi ya mwisho, maana mara nyingi ni kubwa kuliko ya mwanzo, kisha zidisha kwa miezi 12. Uliza bima yako kwa maandishi. Mwisho wa hataza ya semaglutidi (haki ya kuitengeneza peke yake) nchini India ni mwaka 2026, na ushindani wa watengenezaji unaweza kushusha bei, lakini usianze dawa leo kwa pesa unayotegemea ya kesho. Unene uliopitiliza ni ugonjwa sugu kama presha: waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha semaglutidi walirudisha theluthi mbili ya uzito waliopoteza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2025 nao unazungumzia matumizi ya muda mrefu, yakiambatana na chakula na mazoezi.

Watu watasema. Kwetu mtu akipungua huambiwa amekwisha, au jina la ugonjwa linanong'onwa nyuma yake. Chagua watu wawili utakaowaambia ukweli, mmoja awe anayelala nyumba moja nawe, ajue dalili za hatari. Wengine wajibu, "Daktari aliniambia nishushe presha, nashukuru inashuka." Shangazi akikujazia sahani ya pili msibani, ipokee, kula samaki, mengine mpe mtoto aliye karibu.

Kila mwezi pima kiuno, na hesabu ni mara ngapi unasimama kwenye kiti kwa nusu dakika. Kiuno kikipungua na hesabu ya kiti ikipanda, mafuta ndiyo yanayotoka. Mizani ikishuka huku hesabu ya kiti nayo inashuka, mwambie daktari: huenda unapungua haraka mno, au huli protini ya kutosha, na dozi inaweza kusimamishwa hapo ilipo.

Pesa ikikatika au dawa ikiadimika, usiigawegawe kalamu kwa dozi za kubahatisha. Ukikosa dozi mbili au zaidi mfululizo, usirudie pale ulipoachia kabla ya kumpigia aliyekuandikia dawa. Huenda ukatakiwa kuanza tena na ile ndogo ya mwanzo. Madumu na mayai ya asubuhi yaendelee wiki zote hizo.